Tope la Jumapili Jioni

Naibu Asahel Pruitt alipiga magoti katikati ya njia panda ya Stapleford, akavua glovu, akatia kidole ndani ya unyayo wa maksai. Tope lilikuwa limeganda gumu. Kingo za unyayo zilikuwa kali, hazikumeguka hata kidogo.

"Umeanza kusali, Naibu?" Hakimu Thaddeus Bascomb alimwuliza akiwa juu ya farasi wake. "Kanisa liko kule chini."

"Mvua ilinyesha lini, Bwana Hakimu?"

"Jumapili. Ilianza tukitoka mahubiri ya asubuhi, ikakatika tukitoka ya alasiri. Tulilowa chapachapa, mchungaji naye hakusalimika. Kwani?"

"Na baridi hii ya kugandisha?"

"Usiku uleule. Maji ya kuku yaligeuka jiwe. Tangu hapo hakijayeyuka kitu."

Asahel aliandika kwenye daftari lake. Juu yao ulisimama mlingoti wenyewe, msonobari wa futi hamsini uliomenywa gome, na kofia nyekundu, alama ya uhuru, kileleni. Hakimu alikuwa ameshateremsha kibao kilichopigiliwa chini yake, akakifungia ghalani kwake kama kizibiti. Asahel alikisoma jana alipowasili kutoka Boston, ametumwa na mahakama kuuchunguza mlingoti. Herufi zilikuwa nyeusi, kubwa, za mkono uliotulia: MGENI ASIFUKUZWE BILA KUSIKILIZWA. MDOMO USIFUNGWE KWA SHERIA.

Mwaka ule, 1798, maneno kama hayo yalikuwa kosa. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mbili wakati wa kiangazi. Ya kwanza ilisema raia akiisema vibaya serikali kwa maandishi, ashtakiwe, na akitiwa hatiani ale miaka miwili jela. Ya pili ilisema mgeni akionekana ni hatari, aondolewe nchini. Basi. Hii ya pili haikuwa na kesi wala shahidi.

Na mgeni alikuwa ameshapatikana. Murtagh Furlong, Mwairishi, mchimba visima, amefungiwa katika stoo ya matufaha nyuma ya nyumba ya Hakimu. Hati yake ilifika jana jioni na askari wawili. Gari lingeondoka leo Alhamisi, saa nane mchana, na Jumamosi angepakiwa melini. Kila mtu Stapleford alijua kilichokuwa kinamngoja upande wa pili wa bahari. Alikuwa ameshiriki maasi ya Wexford, kwao Ireland, na Waingereza walikuwa wameshamhukumu kunyongwa bila yeye kuwepo.

"Nieleze tena," Asahel alisema, akijipangusa magoti. "Wewe unasema mlingoti ulisimamishwa Jumamosi baada ya jua kuzama."

"Lazima iwe hivyo. Sabato yetu inaingia jua likizama Jumamosi. Jumamosi usiku kila mtu wa mji huu yuko ndani, mlango umefungwa, Biblia mezani. Hakuna wa kumwona mtu njiani. Nani anafanya kazi saa hizo? Asiyeijua Sabato yetu. Mfuasi wa Papa. Na lione shimo hili, limenyooka kama lilipimwa kwa kamba. Hiyo ni kazi ya mchimba visima."

"Na Jumapili nzima hakuna aliyeuona?"

"Nani asafiri siku ya Bwana? Njia hii haipiti hata mbuzi. Gari la barua la Jumatatu alfajiri ndilo lililouona."

Maelezo yalikaa vizuri. Asahel angeyapenda zaidi kama yangekuwa na ufa. Akamwonesha Hakimu unyayo.

"Ungekuwa wa Jumamosi, mvua ya Jumapili ingeuosha. Tazama, hata alama ya bamba la chuma inaonekana. Maksai hawa wamevuta mti baada ya mvua kukatika na kabla tope halijaganda. Ni Jumapili jioni, Bwana Hakimu."

Hakimu Bascomb aliutazama unyayo kwa muda, kisha akazitazama hatamu zake.

"Saa nane, Naibu," alisema, akamgeuza farasi.

Asahel alibaki peke yake. Akafuata mburuzo wa mti hatua arobaini kuelekea mtoni, akihesabu nyayo. Maksai wanne. Na viatu vya watu, vingi mno, vimekanyagana. Aliacha kuhesabu alipofika thelathini. Maksai mmoja alikuwa na kasoro. Ukwato wa maksai una nusu mbili, na kila nusu hupigiliwa bamba lake la chuma. Huyu mguu wake wa mbele wa kushoto haukuwa na bamba la nje. Asahel akauchora, akaandika vipimo, kisha akateremka mjini.

*

Stoo ya matufaha ilinuka siki. Murtagh Furlong alikuwa amekaa juu ya pipa, mtu mfupi mwenye mabega mapana, kucha zimejaa udongo usiotoka tena kwa sabuni.

"Umekuja kunipeleka?"

"Nimekuja kuuliza. Jumapili, jua lilipozama, ulikuwa wapi?"

"Jumapili? Wote wananiuliza Jumamosi."

"Mimi nauliza Jumapili."

Murtagh alimkazia macho. "Nilikuwa hapahapa, nyumba hii. Jikoni. Muulize Dorcas, mpishi."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Ndoo ya Hakimu ilizama kisimani. Jua limezama tu, akaniita nishuke. Kwao Sabato imekwisha. Nikamwambia, bwana, kwetu sisi Jumapili haijaisha mpaka saa sita za usiku. Mimi sishuki. Akafoka weee!"

Asahel alimpa kalamu na karatasi. "Andika jina lako."

Murtagh alichora msalaba, ukaenda upande.

"Na kile kibao kinasemaje?"

"Ndiyo nawauliza hao askari, wananicheka. Kinasemaje, Naibu?"

Asahel alikunja karatasi, akaitia mfukoni bila kumjibu. Alitaka kwanza kumwona mpishi.

Dorcas alikuwa anachuna bata, manyoya mpaka kwenye nyusi.

"Alikuwepo," alisema kabla hajamaliza kuulizwa. "Walibishana hapo mlangoni, huyu Sabato imekwisha, yule bado. Mwisho Bwana Hakimu akamwambia, haya, kaa hapo jikoni uisubiri hiyo saa sita yako, na huondoki. Akakaa. Akala maharage yangu sahani tatu! Saa ilipogonga sita, akashuka, akaitoa ndoo. Mimi ndiye niliyemshikia taa."

"Hakuondoka hata kidogo?"

"Aende wapi, na Bwana Hakimu kakaa na kiti chake mlangoni akimlinda asitoroke?"

"Umemwambia mtu jambo hili, mama?"

Dorcas aliacha kuchuna. "Nani kaniuliza?"

*

Ilikuwa saa nne na nusu Asahel alipoingia kwa mhunzi. Gideon Tuttle alikuwa ameinama chini ya maksai mwekundu aliyening'inizwa kwa mikanda ndani ya fremu ya mbao, mguu wa mbele wa kushoto umefungwa kwa kamba.

"Naibu, huku tunavisha maksai. Miguu ya mabwana wa mahakama hatuna saizi yake."

"Nitavumilia. Huyu amepoteza bamba moja tu?"

"Moja tu. La nje."

"Tangu lini?"

"Tangu lilipotoka."

"Wa nani?"

"Wa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyemnunua," alisema Gideon, na vijana wawili waliokuwa wanaota moto wakaangua kicheko.

Asahel hakucheka. Aliizunguka fremu mpaka kichwani kwa maksai, akamsugua pembe kwa kidole gumba. Chini ya vumbi ilitokea alama ya chuma cha moto, jina la familia ya Wardwell. Akatoa mchoro wake, akaushusha mpaka kwenye ukwato, akapima kwa uzi. Kicheko kilikuwa kimekufa.

"Na wewe ulikuwepo, mhunzi?" aliuliza akiwa ameinama bado.

Gideon aligeuza chuma motoni. "Nina kazi, Naibu. Ukimaliza kumpapasa ng'ombe wa watu, mlango ni uleule."

*

Jotham Wardwell alikuwa mwenye kinu cha maji, mjumbe wa halmashauri ya mji, mtu aliyesikilizwa. Alikuwa anamimina mahindi alipomwona Asahel mlangoni. Akayafungia maji, kinu kikanyamaza, akajipangusa unga mikononi polepole.

"Jumapili jioni," Asahel alisema. "Sabato ilipotoka. Maksai wako wawili na wa mtu mwingine wawili. Watu wasiopungua thelathini. Nyote mmetoka ibadani, mmekwenda nyumbani, mmengoja jua lizame, ndipo mkaanza kazi. Hamkuvunja amri ya Mungu hata kwa dakika moja. Na hilo ndilo lililowaumbua. Mngefanya Jumamosi, mvua ingewafutia."

Wardwell hakukana. Alivuta gunia, akakaa.

"Jumamosi? Mimi na Jumamosi?" Aliguna. "Afadhali jela."

"Jela ipo. Miaka miwili."

"Nionyeshe shahidi. Utamsimamisha nani kizimbani aseme aliniona? Kila aliyeniona alikuwa ameshika kamba."

"Nina bamba la maksai."

"Maksai alitoroka zizini. Akaokota mti njiani." Wardwell alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. "Sikiliza, Naibu. Hatukudhani watamkamata yule bwana. Tulidhani watakuja watufokee, tubishane nao mahakamani, tuiaibishe hiyo sheria yao. Tulijiandaa kwa hilo. Hata maneno ya kusema nilishayapanga."

"Basi yaseme leo."

"Nina watoto saba."

"Yeye ana shingo moja, na mnajua inakwenda wapi. Wewe ukisimama, utapata wakili, utapata baraza la wazee wa mahakama, watu kumi na wawili wa kukusikiliza. Huenda ukatoka siku hiyohiyo. Yeye hana hata mmoja wa kumsikiliza. Mtu mmoja tu wa mji huu akisema mbele ya wale askari, 'Mlingoti ni wangu,' mimi nitasimamisha gari. Nitaandika hapohapo kwamba mwenye kosa amepatikana. Nina uwezo huo mpaka litakapovuka daraja."

Chini yao maji yaligonga mbao.

"Mlingoti ule tuliusimamisha kwa ajili ya watu kama yeye," alisema mwishowe.

"Najua. Nimesoma."

"Saa nane?"

"Saa nane, mbele ya nyumba ya Hakimu."

"Nitakuja," alisema Jotham Wardwell. Akampa mkono, na mkono wake ulikuwa na unga na jasho.

*

Hakimu Bascomb alikuwa anakula chakula cha mchana. Asahel aliweka mezani taarifa ya kurasa tatu, iliyotiwa sahihi.

"Mfungwa ana watu wa kumshuhudia, Bwana Hakimu. Jumapili kuanzia jua kuzama mpaka saa sita za usiku alikuwa jikoni mwako. Wewe ulikaa mlangoni ukimlinda. Shahidi wake wa kwanza ni wewe."

Hakimu alikata nyama, akatafuna, akameza.

"Nakumbuka. Sahani tatu za maharage."

Asahel alimtazama. "Ulikumbuka Jumatatu ulipomwandikia mkubwa wako Boston?"

"Nilikumbuka."

"Ndiyo maana ukasema Jumamosi."

"Keti, Naibu. Unasimama kama mtu anayenidai." Hakimu alisukuma sahani. "Unadhani mimi siwajui maksai wa Wardwell? Nilizisikia kelele zao nikiwa kwenye kile kiti. Wenzio Boston wanataka mtu. Wameniandikia mara mbili. Nikiwapa Wardwell, nimewapa mji mzima, na mji mzima hauingii kwenye gari moja. Ghala langu litawaka kabla ya Krismasi. Mimi naishi hapa. Wewe unapanda farasi wako, unakwenda zako."

"Mtu huyu hakufanya lolote."

"Hati haisemi amefanya. Isome. Inasema ni hatari. Wewe umezunguka siku mbili na uzi wako unapima kwato, na kazi umeifanya vizuri, nakuvulia kofia. Lakini sheria ile haiulizi alikuwa wapi Jumapili. Ungeikuta jikoni imekaa naye, isingeuliza."

"Taarifa yangu iende na gari."

"Iende. Iandikie bahasha nzuri." Hakimu alivuta tena sahani yake. "Itasomwa Jumatatu. Meli ni Jumamosi."

Asahel alisimama. Akavaa glovu zake.

"Mwenye mlingoti akijitokeza?"

Hakimu aliinua uma, kisha akaushusha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana kufikiri.

"Akijitokeza mwenyewe, mbele za watu," alisema, "hapo sina la kufanya. Gari litasimama. Unamjua wa kujitokeza?"

"Ameniahidi."

"Aa," alisema Hakimu. "Ameahidi."

*

Saa nane kasorobo uwanja ulikuwa umejaa. Asahel hakutegemea watu wengi hivyo. Walikuwa wamevaa nguo nyeusi za ibada, ingawa ilikuwa Alhamisi, na walisimama safu mbili kuanzia mlango wa Hakimu mpaka darajani. Mhunzi Gideon alikuwepo, na wale vijana wake. Asahel alianza kuhesabu vichwa vya wanaume, akafika thelathini na sita.

Askari walimtoa Murtagh amefungwa mikono kwa mbele, wakampandisha. Kibao kilikuwa kimeshawekwa garini kama kizibiti, kifudifudi, na kwa kukosa nafasi wakamkalisha juu yake. Dorcas alimtupia blanketi, akarudi ndani mbio na aproni machoni.

Jotham Wardwell alikuja kama alivyoahidi. Alitembea katikati ya safu mbili za watu, moja kwa moja mpaka kwenye gari, na Asahel akafungua daftari lake, akachovya kalamu. Hakimu alisimama kwenye ngazi yake akiwa ameshika kofia.

Wardwell alitoa mkate chini ya koti lake. Ulikuwa mkubwa, bado wa moto, umefungwa kitambaa. Akauweka mapajani kwa Murtagh.

"Wa njiani," alisema.

"Mungu akubariki, bwana," alisema Murtagh.

Wardwell alifungua mdomo. Asahel alimwona amevuta pumzi, mabega yamepanda. Kisha akawatazama watu wa safu ya kushoto, na watu wa safu ya kushoto wakatazama chini. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akaingia kwenye nafasi aliyoachiwa kati ya mhunzi na jirani yake. Nafasi ikajifunga.

Hakimu alivaa kofia.

Mwenye gari aliinua mjeledi. Asahel alimshika mkono. "Ngoja."

"Saa imefika, Naibu."

"Nimesema ngoja!"

Alipanda garini. Murtagh alikuwa ameubana mkate kwa mikono yake iliyofungwa, mvuke wake ukimpanda usoni.

"Naibu," alisema kwa sauti ndogo, "hukunijibu kule stoo. Basi niambie sasa. Kitu chenyewe kinachonipeleka, nimekikalia hapa, na sijui hata kinasema nini."

"Sogea."

Murtagh alisogea. Asahel alikigeuza kibao, akakisimamisha ukingoni mwa gari, uso wake kwa watu. Alikuwa na sauti ya mahakamani, ya kuita mashahidi waliokaa nje, na aliitoa yote.

"Mgeni asifukuzwe bila kusikilizwa!"

Farasi wakatikisa masikio. Hakuna aliyesogea. Asahel akangoja, macho yake kwa Wardwell. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Akasoma tena, neno kwa neno, polepole zaidi, na safari hii akamtazama kila mtu aliyekuwa safu ya mbele. Mzee mmoja alianza kukohoa. Gideon Tuttle alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa koti lake kwa mikono yote miwili. Wanawake walishaanza kulia, lakini wanaume thelathini na sita walisimama pale pale walipokuwa.

Murtagh alikuwa amesikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikiyafuata maneno.

"Ndivyo kinavyosema?"

"Ndivyo."

"Kumbe mji huu una watu wema," alisema Murtagh Furlong. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani, na uwanja ulivyokuwa kimya walimsikia mpaka darajani. "Aliyeandika unamjua, Naibu?"

"Namjua."

"Utakapomwona, mwambie nimeshukuru."

Asahel alikilaza kibao, akashuka. Akalifunga daftari bila kuandika neno. Mjeledi ulilia, magurudumu yakaponda tope lililoganda, na gari lilipopita mbele yao wanaume wa Stapleford wakavua kofia, mmoja baada ya mwingine, mpaka gari likavuka daraja.

Wardwell ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivaa yake tena. Alikuwa na mahindi ya watu yaliyomngoja kinuni.